Bija na Choroko

Wifi yangu Jomrye alikosa mume kwa sababu ya chupa ya chai. Wako watakaokwambia sababu ni kidoti, kile cheusi alichozaliwa nacho shavuni na kikampa jina, maana kwa Kikorea "jom" ndiyo kidoti chenyewe. Waongo wakubwa. Kidoti kilimpendeza. Kisa ni chupa ya chai, na mimi nilikuwepo, tumekaa meza moja, najua ninachokisema.

Mshenga alikuwa ametuletea kinyozi mmoja wa Naju, mtu nadhifu, viatu vinang'aa unaweza kujitazama. Tulikutana naye mkahawani, mjini Gwangju, asubuhi, kwa sababu kila asubuhi Jomrye alipitia machinjioni kabla ya kwenda kazini kwake maabarani. Nilikuwa nimemwambia mapema, "Wifi, leo machinjioni usiende, nakuomba."

"Minyoo haijui kama leo nachumbiwa," akanijibu.

Basi akaja na chupa yake, akaiweka mezani katikati ya vikombe kama kwamba ni kitu cha maana. Yule kinyozi, kwa adabu alizolelewa nazo, akaona amhudumie bibi harusi mtarajiwa. Akafungua kifuniko, akamimina.

Sitaeleza sana, huenda kuna anayekula. Mnyoo wa nguruwe ni mrefu, mweupe, na minyoo hiyo ilikuwa hai, kwa sababu Jomrye huiweka kwenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu wa tumbo ili ifike kazini salama. Kinyozi hakupiga kelele. Alisimama, akainama kwa heshima, akatoka, na kofia yake hakurudi kuichukua mpaka leo. Wifi yangu akashika vijiti vya kulia, akairudisha minyoo chupani mmoja mmoja, huku akisema, "Pole, pole jamani." Sikujua pole hiyo ni ya minyoo au ni yangu mimi.

"Umemfukuza mume!" nikamwambia tukiwa nje.

"Mume anayekimbia mnyoo, wifi, siku nyoka akiingia ndani si ataniacha na watoto?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilitaka kumgombeza, nilikuwa nimejiandaa kumgombeza tangu mkahawani, lakini mtu huyo hakupi nafasi.

Sasa, minyoo ya nguruwe ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya kujaribia bija. Nyuma ya nyumba yetu, kwenye mlima wa ukoo wa mume wangu, ukoo wa Wi, ipo mibija, miti ambayo hata mababu waliikuta. Majani yake yanachoma, ukipita ovyo utarudi na mikwaruzo, lakini majira ya vuli huangusha kokwa, nazo ndizo bija. Ukiipasua, ndani unakuta kitu mithili ya lozi, chenye uchungu kidogo na harufu ya ubani. Watu wa kwetu huila tumbo likiwa tupu, asubuhi, kufukuza minyoo.

Na minyoo tulikuwa nayo, usiulize. Mashamba yetu tuliyatilia mbolea ya vyoo vyetu wenyewe, kabichi tukaila, basi tukawa tunazungushana. Watoto shuleni walipewa bahasha wapeleke choo kikapimwe, kisha mwalimu akasoma majina kwa sauti mbele ya darasa zima: wewe unayo, wewe unayo, wewe pia. Wengine kwa aibu walipeleka cha mbwa, wakaambiwa wana minyoo ambayo hata daktari haijui.

Kwa hiyo bija ilikuwa dawa ya kila nyumba kijijini. Isipokuwa nyumba yetu. Nyumba yenye mibija uani haikula bija. Kila vuli mama mkwe wangu alichukua ufagio, akazifagia kokwa zote zilizodondoka upande wetu, akazimwaga mtaroni. Majirani walizipigania, yeye hakujali. Na choroko vilevile. Choroko haikupandwa kwetu, haikununuliwa, haikupikwa.

Mimi nilipoolewa hakuna aliyeniambia. Bi harusi mgeni ataambiwa nini? Siku moja mama mkwe akashikwa na homa, nami nikataka kuonyesha kwamba kwetu Boseong tumefundwa, nikaazima choroko kwa jirani, nikampikia uji laini kabisa. Nikaupeleka kwa mikono miwili. Akautazama. Akainuka na homa yake, akatoka nje kwenye mvua, akaenda kusimama chini ya mibija. Nilibaki na bakuli langu, nikidhani ndoa imekwisha hata mwezi haujatimia.

Jomrye ndiye aliyenifuata kisimani nilikokwenda kulia. Alikuwa msichana tu wakati ule, miguu mirefu, nywele zimesukwa mikia miwili.

"Usilie, wifi. Si wewe. Ni Kutsun."

Kutsun alikuwa kitindamimba wa nyumba ile. Jina lenyewe maana yake ni "wa mwisho". Walimpa wakiomba wasizae tena msichana. Alikuwa mdogo, anapenda kula, tumbo limevimba kwa minyoo. Basi mama yake akampa bija, kama kila mama alivyofanya. Jomrye, dada yake, ndiye aliyempasulia kokwa kwa meno. Jioni yake mtoto akalia anataka mkate wa choroko, ule wa kukaanga, nyumba ya jirani walikuwa na sherehe, na mama akamletea kipande. Usiku tumbo likamkaza. Asubuhi Kutsun hayupo.

Na kwetu kuna neno la wazee: bija na choroko havikai tumbo moja. Ukivichanganya, huua. Limetoka kwenye vitabu vya waganga wa zamani, kila mtu analijua, hakuna aliyewahi kulijaribu, maana nani ajaribu kifo? Mama mkwe naye alikuwa analijua. Alisahau tu, siku moja, kwa kumhurumia mtoto. Bibi wa nyumba ile, mama yake baba mkwe, akasimama mbele ya maiti na waombolezaji wote wakisikia, akasema, "Umemuua kwa mkono wako."

Bibi amekufa siku nyingi. Neno halikufa.

"Mimi ndiye niliyempasulia," Jomrye aliniambia pale kisimani, anachezea kamba ya ndoo. "Kwa hiyo nami nimo. Lakini nitajua, wifi. Siku moja nitajua kama ni kweli, na nikijua nitakuja kumwambia Mama akiwa hai."

Nilimwona mtoto. Nilimfuta kamasi, nikamwambia abebe ndoo.

Shule yake iliishia ya msingi. Alikwenda Gwangju kufanya kazi za ndani kwa Profesa Tak, mwalimu wa mambo ya dawa chuoni, mtu mpole mwenye kusahau mwavuli kila anapokwenda. Siku moja profesa akamtuma nyumbani kwao akamletee kilo kadhaa za bija, maana alisikia kwao ipo. Jomrye akamletea, kisha hakuondoka mlangoni. Akamuuliza, "Profesa, unatafuta nini ndani yake?" Profesa akamwambia anatafuta kile kitu hasa kinachomshinda mnyoo, akitoe peke yake, bila ganda wala uchungu wala maneno ya wazee. Jomrye akasema, "Basi mimi sitafua tena nguo zako. Nipeleke huko."

Profesa alimpeleka. Kwa hilo nampongeza, wengine wangemcheka. Alimwanzishia kuosha chupa, akamfundisha kupima, kuloweka, kuchuja, kuchemsha taratibu bila kuunguza. Alimfundisha kusoma majina marefu ya vitu ambayo mimi hata nikiyasikia natafuta pa kukaa. Na wifi yangu akafundishika. Walisaga bija, wakailoweka kwenye spiriti, wakaikamua mafuta, wakayagawa mafuta mafungu mafungu, na kila fungu likatiwa kwenye glasi yenye minyoo ya nguruwe kutoka kwenye ile chupa ya chai. Kisha mnakaa, mnatazama. Mnyoo unacheza? Fungu hili bure, mwaga. Mnyoo unacheza? Mwaga. Vuli inakuja, vuli inakwenda, mnyoo unacheza.

Kila alipokuja likizo nilimuuliza, "Enhe, bija imetoka?" Yaani, kile kitu kimetoka?

"Bado, wifi."

"Mnyoo unacheza?"

"Unacheza ngoma kabisa."

Mama mkwe akisikia hivyo huinuka akaenda kutazama kuku. Hakuwahi kuuliza lolote kuhusu kazi ya binti yake. Watu wakimuuliza, alisema, "Yuko mjini, anaosha vyombo."  Hilo liliniuma mimi zaidi kuliko lilivyomuuma Jomrye, au ndivyo nilivyodhani.

Sasa lazima nikwambie jambo moja ili uelewe balaa lililofuata. Kwetu "bija" ni maneno mawili katika sauti moja. Ni kokwa ya mbija, hiyo nimeshasema. Na ni ile ruhusa inayogongwa kwenye pasipoti ili uingie nchi ya watu. Viza. Ndiyo, viza nayo ni bija. Na mume wangu Dalgu, kaka yake Jomrye, alikuwa anaisubiri hiyo ya pili. Kampuni za ujenzi zilikuwa zinachukua vijana kwenda Arabuni kujenga barabara, na Dalgu, ambaye kwa kuchomelea vyuma hana mpinzani wilaya nzima, aliomba. Kila aliyepita njiani alimuuliza, "Vipi, bija imetoka?" Naye anajibu, "Bado, inakuja."

Nyumba moja, bija mbili. Nilikuwa nawaambia mzaha huo wa bija mbili siku moja utatutoa jasho.

Simu ilikuwa moja kijijini, nyumbani kwa Mwenyekiti Ban. Mwenyekiti Ban ni mtu mwema lakini anapenda kipaza sauti kuliko anavyompenda mkewe. Kilikuwa kimefungwa juu ya nguzo, na alfajiri hututangazia hata kwamba jua limetoka. Siku hiyo, tupo shambani tunavuna mpunga, tukasikia kinakohoa.

"Halo, halo. Wanakijiji. Nimepokea simu kutoka Gwangju sasa hivi. Nyumba ya Wi Dalgu. Bija imetoka! Narudia. Bija imetoka!"

Dalgu alitupa mundu. Mimi sikujua nicheke au nilie, maana mwanamume kwenda Arabuni ni furaha na ni upweke hapohapo. Watu walimbeba juu, wakamzungusha mashambani. Wajomba wakasema Jumamosi nguruwe analala chini. Na kwetu upande wa Jeolla sherehe si sherehe bila taa, yule samaki bapa anayevundikwa mpaka harufu yake ikutoe machozi. Basi shangazi akatoa taa wake aliyemficha majivuni kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Dalgu akaazima suti.

Nikamuuliza Mwenyekiti, "Nani aliyepiga?"

"Sauti ya kike. Ya ofisini, nadhani. Alisema bija imetoka, akaendelea kusema maneno mengine, lakini mimi nilishakimbilia kipaza sauti."

"Hukungoja amalize?"

"Mama Sugil," akaniita kwa jina la mwanangu, "habari njema haingojwi!"

Jumamosi mchana uwanja wetu ulikuwa umejaa. Ngoma zinalia, upatu unalia, kifuniko cha sufuria kubwa kimegeuzwa juu ya mafiga, mafuta yanachemka, wanawake tunakaanga. Dalgu yuko katikati na suti ambayo mikono yake imeishia juu ya viwiko, anakunywa makoli, pombe yetu ya mchele, na kila mtu anampa nasaha za jangwani ingawa hakuna aliyewahi kuona jangwa. Mama mkwe amekaa barazani, amevaa nguo nyeupe safi.

Ndipo Jomrye akaingia langoni, amebeba furushi na ile chupa ya chai.

Akasimama. Akatazama ngoma, akatazama nguruwe, akatazama watu wote wale. Akaweka furushi chini, akajifunika uso kwa mikono, akaanza kulia. Mimi katika maisha yangu sikuwahi kumwona wifi yangu akilia.

"Mmekuja wote?" anasema. "Jamani, mmekuja wote? Kwa ajili ya bija?"

"Kwa ajili ya bija, ndiyo!" akapaza Mwenyekiti Ban. "Niliwatangazia mimi! Mara mbili!"

"Sikutegemea. Nilijua mtanicheka."

"Tucheke nini? Kitu kimesubiriwa miaka!"

"Miaka, Mwenyekiti! Nilishakata tamaa."

"Sote tulikata tamaa! Sasa tuambie, ndege lini?"

"Ndege?" Jomrye akatoa mikono usoni. "Ndege ya nini?"

Niliacha mwiko kwenye mafuta.  "Wifi," nikasema, "hebu taratibu. Ni wewe uliyepiga simu?"

"Si mimi? Nilimwambia Mwenyekiti, bija imetoka, kile kitu tumekipata, mwambie Mama nakuja Jumamosi."

"Bija gani?"

"Bija gani tena? Bija! Kokwa!"

Upatu ulikuwa wa mwisho kunyamaza. Watu wakamtazama Dalgu. Dalgu akatazama mikono ya suti. Mjomba wake mkubwa, aliyetoa nguruwe, alisema kwa sauti ambayo yeye aliidhania ya chini, "Nguruwe wangu! Nguruwe wangu ameliwa kwa ajili ya mnyoo!" Na Jomrye akaanza kuelewa. Niliona uso wake unavyoanza kushuka, anageuza macho kutoka kwenye suti kwenda kwenye nguruwe, na nilitaka ardhi inimeze mimi kwa niaba yake.

Basi nikwambie kwa nini nampenda mume wangu, maana watu huniuliza, sura hana. Alisimama pale pale. Akajaza bakuli la makoli mpaka likamwagika, akaliinua.

"Mjomba, nguruwe wako amechinjwa kwa sababu bija imetoka. Bija imetoka au haikutoka?"

"Imetoka, lakini..."

"Basi kunywa! Dada yangu ameikimbiza miaka yote hii, na mimi yangu nimeiomba juzi tu. Bija imetoka!"

Kwanza akacheka mtu mmoja, kisha uwanja mzima ukaanguka. Mwenyekiti Ban alicheka kuliko wote, kwa woga. Wazee husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na kweli viza ya Dalgu ilikuja majira ya maua, ikatangazwa kwenye kipaza sauti, na hakuna hata mmoja aliyetoka nje kusikiliza.

Wakamketisha Jomrye mahali pa heshima, wakamwambia eleza. Akaeleza. Alisema kile kitu kimo kwenye mafuta ya bija, katika fungu moja dogo ambalo walikuwa wakilimwaga kwa sababu lilipotea likichemshwa. Profesa ndiye aliyefikiria walitoe kwa baridi, bila moto, na Jomrye ndiye aliyekesha kulikamua. Wakalitia kwenye glasi.

"Na mnyoo ukafa?" akauliza mjomba.

"Ukalegea."

"Haukufa! Nguruwe mzima, na mnyoo haukufa!"

"Mjomba, wewe ukilegea katikati ya mto wakati wa mafuriko, utafika wapi?"

"Baharini."

"Basi na wenyewe hivyohivyo, ila si baharini."

Watu walicheka tena, hata mjomba. Lakini mimi nilikuwa namtazama wifi yangu, na nilijua hajamaliza. Alikuwa anatazama barazani. Mama yake alikuwa ameanza kuinuka, nadhani aende kwa kuku.

"Mama, kaa kidogo," akasema Jomrye. "Hilo nililolisema ni la Profesa. Langu bado."

Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na bakuli limefungwa kwa kitambaa, na ndani ya bakuli kulikuwa na choroko, imelowekwa, imesagwa, rangi yake ile ya kijani. Wanawake wenzangu wote walivuta pumzi. Kila mtu kijijini anajua. Hata watoto waliozaliwa juzi wanajua kwamba nyumba ile choroko haiingii.

Mama mkwe alishika nguzo ya baraza.

"Toa hicho kitu nyumbani kwangu."

"Nitakitoa, Mama. Ngoja kwanza."

Akanisogeza pembeni kwa kiuno, akamimina choroko kwenye mafuta yangu.  Mafuta yalikuwa yanasema peke yake. Harufu ile, mimi sikuisikia uani kwetu tangu siku ya ule uji. Akaugeuza mkate, ukaiva pande zote, akauweka kwenye sahani. Kisha akatoa mfukoni bija, akaipasua kwa meno, kama alivyompasulia mdogo wake. Akaweka bija na kipande cha mkate mdomoni pamoja, akatafuna.

"Tema!" Mama mkwe alishuka barazani bila viatu. Sijui nguvu alizitoa wapi, alimkamata binti yake taya, anamtia vidole mdomoni, analia, "Tema! Tema, mtoto wangu, tema! Utaniua na wewe?"

Jomrye alimeza. Akaishika mikono ile miwili.

"Nimekula hivi wiki nzima, Mama. Asubuhi na jioni. Profesa amekula na mimi, na mkewe akamwita mwendawazimu. Kabla yetu tuliwapa panya, mwaka mzima, bija na choroko, bija na choroko. Wamenenepa, Mama, hawapiti kwenye mlango wa kizimba."

"Bibi yako alisema."

"Bibi alisema alichosikia. Hakuna aliyewahi kujaribu. Mimi nimejaribu."

"Basi nini? Nini kilimuua?"

"Minyoo. Ilikuwa mingi mno, ikajifunga fundo tumboni, njia ikaziba. Madaktari wanaiona kila mwaka. Bija chache zile zisingeifungua, na kipande kile cha mkate hakikuongeza kitu. Hukumuua. Wala mimi sikumuua. Alikuwa na njaa ya mkate, ukampa. Basi."

Mama mkwe alisimama pale, miguu mitupu kwenye vumbi, mbele ya kijiji kilekile kilichosikia lile neno la kwanza. Wengine walikuwa wametangulia mbele ya haki, lakini wapo waliokuwepo siku ya msiba. Mjomba mkubwa alikuwepo. Alivua kofia.  Mama mkwe alitazama ile sahani, nikadhani safari hii atatoka langoni asirudi.

Akakaa chini, palepale kando ya mafiga. Akanyoosha mkono, akakata kipande cha mkate. Meno yake yalikuwa yamebaki machache, alikitafuna upande mmoja taratibu. Kisha akafungua kiganja kwa binti yake, na Jomrye akapasua bija nyingine, akamwekea. Akaila pia. Machozi yalikuwa yanashuka wala hayafuti, anatafuna tu, na uwanja mzima unamtazama koo.

Akameza. Akaniangalia mimi.

"Mama Sugil, mkate hauna chumvi huu," akasema. "Kutsun alikuwa anaupenda na chumvi kidogo."

Tangu niolewe sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Nikakimbilia chumvi.